Dawati la Kuvusha Kauli

Si zamani wala si za kale, ni juzi tu, kulikuwa na nchi ambayo jina lake sitalitaja, maana wenyewe wana hasira za karibu. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na mito, ilikuwa na milima, ilikuwa na Waziri wa Mawasiliano ya Mbali na Waziri wa Mawasiliano ya Karibu. Msiniulize ukaribu uliishia wapi na umbali ukaanzia wapi. Hilo lilikuwa kazi ya tume, na tume ilikuwa bado safarini.

Mawaziri hao kila mmoja alikuwa na shemeji. Shemeji wa kwanza akarudi kutoka ng'ambo na kiwango cha simu za mkononi kilichoitwa Duara. Shemeji wa pili akarudi wiki ileile na kiwango kilichoitwa Mraba. Wengine husema walirudi kwa ndege moja, wamekaa viti vya jirani, mimi sikuwepo. Wataalamu wakaulizwa tofauti ni nini. Wakajibu kwamba katika Duara sauti huzunguka, na katika Mraba sauti hukata kona. Bunge likapiga makofi dakika kumi na moja.

Mtukufu Rais akahutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "Serikali yenu haichagui. Soko ndilo litakalochagua. Viwango hivi vitashindana miaka mitano, na kitakachoshindwa kitang'olewa mnara kwa mnara. Mpaka siku hiyo Duara haitasema na Mraba, wala Mraba haitasema na Duara, tusije tukachafua matokeo." Watu walishangilia sana, kwa kuwa posho ilikuwa imeshagawiwa.

Ndipo ikapitishwa Sheria ya Usafi wa Ushindani. Mwenye simu ya Duara hakuweza kumpigia mwenye simu ya Mraba, hata wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Na ili watu wasiazimane, kila simu ilisajiliwa kwa alama ya sikio. Ukiiweka kwenye sikio lisilo lake inanyamaza, na ukizidi kung'ang'ania inawaita polisi. Mtu mmoja, kiwango kimoja. Makarani wa usajili walipita nyumba kwa nyumba na vidau vya wino, na kwa majuma mawili taifa zima lilitembea na masikio ya buluu.

Katika nchi hiyo aliishi Pazi Lukonge, fundi wa laini za simu za nguzo, zile za zamani. Miaka thelathini na minane alipanda nguzo, jua lake, mvua yake. Mkewe, Siwema, alikuwa mwendeshaji wa swichibodi mjini. Hawa wawili walijuana kwa waya kabla ya kujuana kwa sura. Pazi akiwa porini, amening'inia kwa mkanda juu ya nguzo, alijaribu laini kama kazi inavyotaka: "Halo, halo. Wanisikia?" Kule mjini sauti ya msichana ikajibu: "Nakusikia. Sema tena."

Laini ilikuwa safi, haikuhitaji kurudiwa neno. Lakini msichana alisema sema tena, na Pazi akasema tena. Kesho yake vilevile. Baada ya mwezi Pazi akaanza kugundua hitilafu kwenye nguzo zisizo na hitilafu yoyote, na msimamizi wake akamsifu kwa bidii. Alipotaka kuposa, shangazi yake alimuuliza huyo binti yukoje, mrefu, mfupi, mweupe, mweusi. Pazi akasema hajui, ila anaijua sauti yake. Shangazi akamwambia mwanangu, watu hawaoi sauti. Akaoa.

Wakaishi miaka thelathini na sita, wakapata binti mmoja, Mwasiti. Na neno lile halikutoka nyumbani. Pazi akileta habari njema, Siwema humwambia sema tena. Akimnong'oneza lile analonong'onezwa mke, sema tena. Hata siku Pazi alipokiri kwamba ndiye aliyevunja birika la mama mkwe, Siwema alijifuta machozi ya kicheko akasema, nakusikia, sema tena.

Walistaafu mwaka mmoja, mwaka uleule wa viwango. Walipokwenda kuchukua kiinua mgongo walimkuta afisa kijana, amevaa tai yenye miduara upande mmoja na miraba upande wa pili.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema. "Pesa taslimu ni mambo ya kizamani. Serikali inawalipa kesho yenu. Mtapewa hisa. Mnachagua kampuni ya Duara au kampuni ya Mraba, na mwenye hisa hutumia simu ya kampuni yake. Itakayoshinda, wenye hisa zake watakuwa matajiri."

"Na itakayoshindwa?" aliuliza Siwema.

"Watapewa cheti cha uzalendo, mama."

Sasa hapa ndipo Pazi alipokosea, na kosa lenyewe halikutoka kwenye ujinga. Lilitoka kwenye ufundi. Mafundi wa nguzo walikuwa na kanuni yao: fundi hapandi na waya mmoja. Ukikatika huu, una ule. Kanuni hiyo ilimwokoa mara nyingi, akaiamini kuliko alivyoyaamini maneno ya mawaziri.

"Mimi nichukue Duara, wewe chukua Mraba," alimwambia mkewe. "Kitakachoshinda kitakuwa kimeshinda ndani ya nyumba yetu."

"Pazi, njia mbili zilimshinda fisi."

"Fisi alikuwa peke yake. Angekuwa na mke angemtuma njia moja, naye akashika nyingine."

Siwema alicheka mpaka akashika meza ya afisa. Kisha akatia sahihi kwenye Mraba, kwa sababu mumewe alimwomba. Nataka hilo likumbukwe: alitia sahihi kwa sababu aliombwa.

Mwanzoni ilikuwa mzaha. Simu mbili zilikaa kabatini, ya mviringo na ya pembe nne, haziangaliani. Mtu ana haja gani ya simu kwa mke aliye jikoni? Anaita tu. Redio ilitangaza kila asubuhi Duara imepanda, jioni Mraba imepanda, na Pazi alifurahi mara mbili kwa siku bila kutoka kwenye kiti. Majirani walimwona mjanja. Baadhi wakamwiga, wakagawana mume na mke, kaka na dada, na mchungaji mmoja akagawana na kanisa lake.

Kisha Mwasiti akakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, huko kusini ng'ambo ya mto, mwendo wa siku mbili kwa basi. Na mila ni mila: mama humfuata bintiye akamlea arobaini yake yote. Siwema akafunga sanduku.

"Siku arobaini," alisema mlangoni. "Usile ugali na chumvi tu. Mchicha uko bustanini, hauna miguu ya kuja sahanini."

"Tutaongea," Pazi akasema kwa mazoea. Wakatazamana. Ndipo walipokumbuka.

Usidhani Serikali haikuwa na huruma. Kila wilaya ilijengewa Dawati la Kuvusha Kauli. Waya mweusi wa Duara uliingia kwa dirisha la kushoto, waya mweupe wa Mraba uliingia kwa dirisha la kulia, zote mbili zikaishia juu ya meza moja, katikati zimeachana shubiri moja. Shubiri hiyo ilizibwa na mtumishi wa Serikali, Bi. Zena Kapalata, mama mtu mzima mwenye chombo cha kusikilizia kwenye kila sikio. Alilosikia kwa Mraba alilisema kwa Duara, na alilosikia kwa Duara alilisema kwa Mraba, kwa lugha rasmi, bila kuongeza wala kupamba. Mteja alisimama nyuma ya mstari mweupe, hatua tatu kutoka mezani, akazungumza kwa simu yake na mtu anayemwona usoni.

Mara ya kwanza Pazi alipoitwa huko, siku ya saba, hakutazama fomu. Alitazama zile nyaya.

"Dada yangu," alisema, "zote hizi ni shaba. Kipande cha waya urefu wa kidole na koleo, dakika moja tu, watu waongee wenyewe."

"Kaka, usiseme hivyo kwa sauti," alijibu Bi. Zena. "Nimebakiza miezi michache nistaafu. Weka simu sikioni."

Akabonyeza, akasikiliza kwa kulia, akasema kwa kushoto: "Mpigaji wa Mraba anatoa salamu. Anaarifu kuwa mtoto amezaliwa, jinsia ya kike, mama mzima. Anauliza kama mpokeaji anakula."

Pazi alicheka kwa furaha. "Mwambie nakula," alisema.

"Mpigaji hasadiki."

"Mwambie basi mchicha niliuunguza, lakini nikaula hivyohivyo."

Bi. Zena alivusha, akasikiliza, midomo ikamchezacheza. Akaandika kwenye fomu. "Mpigaji amecheka. Sekunde nne."

"Amecheka vipi?"

"Fomu haina nafasi ya vipi, kaka."

Pazi alirudi nyumbani na zile sekunde nne. Alizihesabu njiani, moja, mbili, tatu, nne, akijaribu kuzijaza kicheko anachokijua. Kiliingia, lakini kwa shida. Alikumbuka alivyokuwa akikisikia kikitoka jikoni bila kulipia hata senti, akaona uchungu. Akajiambia ni siku thelathini na tatu tu.

Mvua zikashuka. Daraja likachukuliwa na mto. Waziri wa Mbali alisema daraja liko karibu mno, halimhusu. Waziri wa Karibu alisema liko mbali mno.

Na huko ng'ambo Siwema akaanza kuvimba miguu. Akawa anasimama njiani kati ya kitanda na mlango ili apumue. Mganga wa zahanati alimsikiliza kifua, akaandika dawa ambayo ilikuwa upande huu wa mto.

Pazi angejua, angevuka. Angeogelea, angefunga mapipa, angetembea siku tano mpaka penye kivuko. Mtu aliyepanda nguzo za watu miaka thelathini na minane asingeshindwa na maji. Lakini wiki hiyohiyo, Ofisi ya Utulivu wa Soko ilikuwa imetoa Waraka namba arobaini na moja. Ulisema hivi: habari yoyote ya kuumwa, kulazwa au kufa kwa mwenye hisa ni siri ya ushindani; isivushwe upande wa pili mpaka hisa zihamishwe kwa mrithi, ili wawekezaji wasitaharuki. Waraka ulibandikwa ukutani nyuma ya Bi. Zena, nao uliandikwa herufi ndogo sana, kwa kubana matumizi ya karatasi.

Simu ya pili ilikuja siku ya ishirini na sita, Pazi akaitwa tena Dawatini. Bi. Zena alisikiliza kwa muda mrefu, jicho kwenye kalamu.

"Mpigaji anatoa salamu," alisema. "Anaarifu kuwa hewa huko ni nzito."

"Mvua bado?"

Bi. Zena aligeuza macho. Mlangoni palikuwa na askari anayekula karanga. "Nzito sana," alisema. "Mpigaji anasema hewa ni nzito, hasa anapolala."

"Mwambie afungue dirisha kidogo," alisema Pazi. "Na ajifunike shuka langu, nililiweka sandukuni."

Bi. Zena alimtazama, na Pazi akadhani mama wa watu amechoka. Akavusha kauli.

Siku ya thelathini na moja redio iliamka na tarumbeta. Duara imepanda robo nzima. Pazi hakunywa hata chai. Alipiga hesabu akiwa anavaa viatu: akiuza kiasi, atapata mabati ya kuezekea jiko. Siwema alililia jiko hilo miaka kumi, mvua ikinyesha anapika na mwavuli. Akakimbia mpaka Dawatini, akafika akihema, akasimama kwenye mstari.

"Mwambie Duara imepanda robo," alisema mara tu Bi. Zena alipompata mtu wa upande wa pili. "Na mwambie nitamwezekea jiko. Mabati mapya. Akirudi hatapika na mwavuli tena."

Bi. Zena alisema kwa kulia. Alisikiliza. Akasema kwa sauti ya chini maneno machache ambayo Pazi hakuyasikia, akasikiliza tena, akatoa leso mfukoni akajifanya anafuta jasho.

"Mpokeaji anaomba marudio ya taarifa," alisema.

Pazi akaona laini mbovu. Akaweka simu karibu na mdomo, akasema polepole, kama mtangazaji: "Duara, imepanda, robo."

Bi. Zena alivusha. Kisha akavua chombo cha kulia akakiweka mezani taratibu. "Upande wa pili umekatika," alisema. "Muda uliotumika, dakika tatu."

Siku tisa baadaye, arobaini ikiwa imetimia na Pazi amefagia ua akimngoja mgeni wake, ilikuja barua yenye nembo ya pembe nne. Iliandikwa kwa wino wa dhahabu. "Ndugu Mwekezaji Mpya, hongera! Tunayo furaha kukujulisha kuwa kufuatia kufariki kwa Bi. Siwema, hisa zake sasa ni zako. Kwa kuwa sheria hairuhusu mtu mmoja viwango viwili, tafadhali chagua moja ndani ya siku saba. Karibu katika familia ya Mraba."

Pazi aliisoma akiwa amesimama na ufagio. Akaisoma mara ya pili. Akakaa chini palepale uani. Jirani aliyemsikia akilia anasema hajawahi kusikia mwanamume akilia namna ile, wala hataki kusikia tena. Mimi nami sitaki kuisimulia zaidi ya hapo.

Alitembea siku tano mpaka kivukoni. Alimkuta Mwasiti na kichanga mgongoni, na kaburi limeshaota nyasi za kwanza. "Baba, simu yangu nayo ni ya Mraba, nilikwenda Dawatini mara saba," Mwasiti alisema. "Nilimwambia karani wa huku, mwambie baba aje. Akaniandikia: imepokelewa." Mezani kwake ilikuwepo simu ya Siwema. Hakuna aliyeweza kuifungua, maana sikio lake halikuwepo tena. Pazi alimwacha nayo, akambeba mjukuu siku nzima, akarudi.

Aliporudi alikuta soko limeamua, bila kungoja ile miaka mitano. Rais alikuwa amehutubia tena: Duara na Mraba zote zimeshindwa kishujaa, na taifa sasa linapokea kiwango cha Pembetatu. Kilikuwa kimeletwa na shemeji wa Rais mwenyewe. Wenye hisa za zamani wote wakapewa cheti cha uzalendo, chenye fremu. Ukitaka kioo unajinunulia. Madawati ya Kuvusha Kauli yangefungwa Ijumaa.

Alhamisi alasiri Pazi aliingia Dawatini. Askari hakuwepo, karanga zilikuwa zimekwisha. Bi. Zena alikuwa peke yake, anapanga fomu kwenye maboksi. Alipomwona aliacha, akaketi.

"Nilikuwa nakungoja," alisema. "Pole, kaka yangu. Pole sana."

"Nimekuja kuuliza kama kuna sauti yake iliyohifadhiwa," alisema Pazi. "Nasikia mnahifadhi."

"Tunahifadhi sauti ya karani. Saa mia tatu za sauti yangu ziko ghalani, zake hata moja haipo." Aliinamisha kichwa. "Lakini nilikuwa na askari mlangoni siku ile, sikukwambia sawasawa. Yeye hakuomba marudio ya taarifa. Nilimaliza kumwambia habari ya jiko. Kisha akasema, 'Nakusikia, Pazi. Sema tena.' Nikamwambia mama, huyu ni mimi karani, mumeo humsikii. Akasema, 'Najua.' Pumzi ilikuwa imekwisha, lakini alikuwa anatabasamu. Nimekaa na sauti za watu, tabasamu nalijua. Akasema, 'Mwambie aseme tena.'"

Pazi alisimama kwenye mstari mweupe. Alijiona akisema Duara imepanda robo, kwa sauti ya mtangazaji. Neno la mwisho alilompa mke wa miaka thelathini na sita lilikuwa bei.

Hakulaumu. Alivuka mstari, akafungua mfuko wake wa zamani wa kazi, akatoa koleo na kipande cha waya urefu wa kidole. Bi. Zena alimtazama, kisha akageuza kiti akaanza kusoma kalenda ya ukutani, mwezi baada ya mwezi, kwa makini makubwa. Pazi akamenya ncha mbili, akasokota, akakaza. Ilimchukua chini ya dakika.

Alasiri ile, katika wilaya nzima, simu zilianza kulia katika nyumba ambazo zilikuwa kimya. Muuza nazi alisikia sauti ya kaka yake akaangusha nazi. Mchungaji alilipata kanisa lake. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba hayo ni matunda ya Pembetatu, na Waziri wa Karibu akapewa nishani.

Pazi aliinua simu yake ya mviringo akabonyeza namba aliyoijua kwa moyo. Ikalia. Huko kusini, mezani kwa Mwasiti, ile ya pembe nne ilikuwa inalia, na Mwasiti ameiweka sikioni anaita baba, baba, nayo inamkataa sikio. Ikaendelea kulia. Bi. Zena alikuwa amefika mwezi wa Novemba.

"Halo, halo," alisema Pazi. "Wanisikia?"

Akangoja, kama alivyokuwa akingoja juu ya nguzo.

Akasema tena.